Ngoma ya Bibi na Zimamoto wa Kijerumani

Nilikwenda Ujerumani kudai ngoma. Mama Helga, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi Dodoma, alikuja kututembelea Nzuguni akatuonyesha kwenye simu yake picha za makumbusho madogo ya kijiji chake. Mama yangu akaisogeza simu hadi puani. Pale, chini ya chungu cha maua, ilikuwepo ngoma ambayo bibi yake alimsimulia habari zake tangu utotoni, na ubavuni mwake yule mjusi wa kuchongwa asiye na mkia. Bibi alipokuwa akimchonga, kisu kiliteleza.

"Mmisionari aliiazima," mama alisema. "Kailete, mwanangu. Macho haya hayanisubiri."

Yanafifia kweli, na niliogopa sana kurudi mikono mitupu.

Kutoka uwanja wa ndege nilipanda treni, kisha basi lililofika dakika ileile iliyoandikwa kituoni. Nikaingiwa na wasiwasi.

Kijiji chenyewe kimejibana kati ya vilima na kijito ambacho kwetu tungekiita mto mkubwa. Zamani kiliwahi kuungua chote, na tangu hapo nusu ya watu wazima ni zimamoto wa kujitolea. Wanaogopa kiberiti kuliko sisi tunavyoogopa ukame.

"Mbukwenyi!" Mama Helga alinisalimu Kigogo mbele ya kikao cha kijiji. Utamu ukaishia hapo. Wenzake walishikilia kwamba ngoma ilikuwa zawadi, na kama kweli ni yetu, basi niipige. Nikaipiga. Ikalia kama ndoo. Mzee mmoja wa kikao akatikisa kichwa, akanung'unika kitu.

"Huyu mzee anasema imekufa," akatafsiri Mama Helga.

"Haijafa, ina baridi. Ngoma huota moto. Nipeni kuni."

Ungedhani nimeomba kuchoma kanisa. Likaja gari jekundu, wanaume wamevaa helmeti, mpira wa maji umenyooshwa, wote wakilinda moto usioweza kuchemsha hata chai ya watu watatu. Ngozi ikakaza. Nikaibana ngoma mapajani, kama wanawake wa Kigogo tunavyofanya, na wanaume wakatazama viatu vyao. Nikapiga hadi machozi yakanitoka.

Yule mzee akavua kofia, akasema kitu.

"Anasema sisi tuliiwekea maua tu," Mama Helga akatafsiri.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Ngoma ikarudi kwetu.

Nyumbani Nzuguni, mama alimpapasa mjusi, akautafuta mkia, akaukosa, akacheka huku analia. Nilichojifunza ni kwamba Wajerumani hurudisha vitu vya watu, mradi zimamoto wawepo.

Wiki iliyofuata Mama Helga akapiga simu: kijiji kina sherehe, kinaomba kuiazima ngoma.

"Waje wao," mama akajibu bila kuacha kupiga. "Kuazimisha, tulishaazimisha."