Huyo Si wa Picha

Kila wenzangu ofisini wakizima mishumaa ya keki, moshi wake hunirudisha kwenye nyumba moja chini ya milima ya Uluguru, yenye dishi kubwa juu ya paa. Nilikuwa mdogo; kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, akapunguzwa kazi, na mama akaanza kufua nguo na kuosha vyombo kwenye nyumba za wakubwa.

Siku moja binti wa nyumba ile, rika langu, alikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Mama alinipaka mafuta, akanivalisha gauni langu la Idi, akaenda nami kazini, akaniambia nisitoke uani.

Mpiga picha alikuwa akiwapanga watoto barazani. Aliponiona nachungulia mlangoni akaniita, "We mfupi, njoo ukae mbele."

Nilikwenda mbio. Nikakaa, nikanyoosha gauni, nikatabasamu.

"Huyo si wa picha," mama mwenye nyumba alisema, kwa upole kabisa. "Ni mtoto wa dada anayetufulia."

Nilibaki pale pale, sijui niinuke au nikae. Ndipo sauti ya mama ikatoka uani. Alikuwa amesimama, mikono ina povu hadi viwikoni.

"Njoo, mama, unisaidie kusuuza."

Jioni, tukirudi nyumbani Bigwa, nilimuuliza, "Mama, kwani sisi si wa picha?"

Aliinama akanibeba mgongoni, ingawa nilishakuwa mkubwa wa kutembea, na gauni lake lilikuwa limelowa chapachapa.

Asubuhi tulirudi. Vitambaa vya meza vya sherehe vilikuwa vimeshalowekwa, vinatungoja.