Crispin Alisaini Kifo Chake

Mwaka 1955 nilichapisha tangazo la kifo cha mtu aliye hai, na yeye mwenyewe akalisaini.

Usiseme ni chai. Nina miaka tisini na ushee, sina umri wa kuwatungia chai.

Nilikuwa fundi wa mashine ya kuchapa kwenye kampuni moja ya pareto pale Iyunga. Mashine yenyewe ya kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, mdomo wake unajifunga, karatasi inatoka na maandishi.

Mkuu wangu aliitwa Crispin Kalinga, mtu wa Iringa.

Siku moja naifuta mashine, mkono umo ndani. Crispin akarudi kutoka kula mchana, pombe inamnukia. Akakanyaga.

Vidole viwili vikaenda.

Kabla sijatoka hospitali, jamaa alishanichoma kwa meneja: "Anyitike alikuwa amelewa."

Mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, ambaye pombe sijawahi hata kuonja. Kanisa likanitenga na Meza ya Bwana. Baba yake Lusia, mchumba wangu, akaturudishia ng'ombe wetu. Alisema hatoi binti kwa mlevi.

Kazini nilibakizwa kwa sababu hakukuwa na mwingine anayeijua ile mashine. Kila asubuhi nilimpa Crispin shikamoo, moyoni namzika. Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Sasa, pale palikuwa na sheria. Karatasi ya kwanza kutoka kwenye mashine, tuliita prufu, lazima mkuu aisome na aisaini. Bila saini yake huchapi zaidi. Ila Crispin hakuwa anasoma. Alikuwa anasaini huku anapiga stori.

Jumanne moja nikapanga herufi za risasi, moja moja, kwa vidole vyangu vitatu: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Crispin Kalinga, mkuu wa chumba cha mashine." Prufu yake nikaichomeka katikati ya prufu za bei ya pareto.

"Zote ziko sawa?" akauliza.

"Ziko sawa, bwana mkuu."

Akasaini zote.

Kesho yake lori la kampuni likayapeleka matangazo Igawa, Ubaruku, mpaka Iringa.

Kwa kawaida kazi ikiisha, unafungua kamba iliyoshika herufi na kuzirudisha kwenye visanduku vyake. Zile sikuzifungua. Nilizificha rafuni, zikiwa zimefungwa vilevile, nikawa nazichungulia na kutabasamu peke yangu.

Jumamosi kikanuka. Ndugu zake walishuka kwenye lori mbele ya nyumba yake wakilia, na sanda wamekuja nayo. Mama yake, Lea, alikuwa ameshanyoa kichwa. Mimi nimesimama ng'ambo ya barabara makusudi, nione.

Crispin akatokea mlangoni na pasi ya mkaa mkononi. Alikuwa ananyoosha shati jeupe.

Mama akaanguka. Wengine wakatimua mbio. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Jumatatu meneja akaiweka prufu mezani. Mimi nilisema nilipanga maandishi niliyoyakuta mezani kwangu. Akamgeukia Crispin.

"Hii saini ya nani?"

"Yangu, bwana. Ila sikusoma."

"Sasa kazi yako ilikuwa nini?"

Akafukuzwa palepale. Aibu ile hakuiweza. Kesho yake akajiandikisha kwenda migodi ya Kusini, na mimi nikapewa kiti chake.

Nilikikalia kwa raha siku nne. Siku ya tano mama Lea akaingia chumba cha mashine.

"Kamwene, Anyitike."

"Kamwene, mama."

"Najua ni wewe."

Nikajifanya napangusa mashine.

"Lile shati lilikuwa la Jumapili. Alimwahidi mchungaji atasimama mbele ya kanisa, aseme mlevi alikuwa yeye. Baada ya aibu ile ya Jumamosi akakataa kwenda. Nimemsihi miezi minane, mwanangu. Wewe umeshindwa kungoja wiki moja."

Nilikimbia kwa mchungaji. Akaniambia yale aliambiwa kwa siri ya toba, hawezi kuyatoa yeye. Lazima Crispin aje mwenyewe.

Nikamngoja mwaka na nusu.

Aliyekuja ni mama Lea. Alikaa kwenye kibao karibu na mashine, akasema mwamba umemwangukia mwanawe mgodini.

"Nichapie tangazo. Nikiwaambia kwa mdomo hawaamini. Wanasema walishamlilia mara moja, hawarudii."

Sikupanga upya. Nilipanda rafuni, nikazishusha zile herufi, nikapangusa vumbi. Nikabadili tarehe, nikaondoa cheo, kwa sababu cheo kilikuwa changu.

Prufu ilipotoka nikaisoma mara tatu. Nikasaini mwenyewe.

Lusia aliolewa Tukuyu. Na kwenye daftari la kanisa lile mpaka leo mimi ni mlevi.

Wewe unayepanga kulipiza, hebu angalia kwanza huyo unayetaka kumfuta. Usije ukakuta ndiye shahidi pekee uliyekuwa naye.