Saa Isiyoombwa

Watu huniuliza kwa nini sitazami saa kwenye simu kama binadamu wengine, na nimechoka kujibu. Mimi ni mwokaji. Tangu alfajiri mikono yangu imo ndani ya unga mpaka viwikoni, na mkate ulioko kwenye oveni haungoji ninawe, nijifute, nitafute simu imeangukia nyuma ya gunia gani, halafu nikute mtu amenitumia salamu za Jumatatu njema zenye picha ya maua. Nahitaji saa ya mkononi. Nageuza mkono, naona, naendelea. Kwangu si urembo, ni kifaa cha kazi kama ungo na mizani.

Na nilitaka moja tu. Nilipovuka miaka arobaini nilisema basi, sasa nanunua saa moja, nitaivaa jikoni na kanisani, na siku ya kuzikwa wataniacha nayo. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kuishi Voi akiwa na mashemeji.

Voi ni mahali pa kupitia. Anayetoka Wundanyi kwenda Mombasa anapitia kwetu, anayetoka Taveta kwenda Nairobi anapitia kwetu. Mume wangu ni mtu wa Wundanyi, huko juu milimani, mwalimu wa sekondari, na ukoo wake hauishi safari. Tena si safari za kwenda kununua chumvi. Ni za mahojiano ya kazi, za posa, za kortini, za kliniki. Wanalala kwetu, na asubuhi wanakaa mezani wamepiga nguo pasi, viatu vinang'aa, wanakula mkate wangu huku macho yakitafuta kile kitu kimoja kilichopungua kwenye mavazi yao. Anayesogeza sukari ni mimi, na mkono unaosogeza sukari ndio wenye saa.

Saa ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya rangi ya dhahabu. Wifi yangu alikuwa anakwenda Mombasa kutambulishwa kwa watu wa mchumba wake. Akanywa chai, akashika mkono wangu, akasema, "Wifi, hii saa inakupendeza sana."

Nani asiyejua maana ya maneno hayo? Nikaivua. Nikamwambia aende nayo, kwa sauti tamu ambayo sijui huwa naitoa wapi. Aliporudi alipata gari lililompeleka moja kwa moja mpaka nyumbani kwao, hakushuka Voi. Sasa ameolewa na ana watoto. Saa yangu naiona kwenye picha zake za harusi, imependeza kweli.

Ya pili ilikuwa ya mkanda mweusi, kubwa kidogo, karibu ya kiume. Nilidhani ukubwa huo utanilinda na mawifi. Ulinilinda. Ikachukuliwa na shemeji, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa na mahojiano ya kazi bandarini. Alipata kazi, nami nilifurahi, hata pilau nilipika. Kisha akanieleza, huku anakula pilau hiyo hiyo, kwamba hawezi kuirudisha kwa sababu ndiyo iliyomletea bahati. "Shemeji, kwani unataka nifutwe?" Hebu niambieni, mtu kama huyo unamjibu nini?

Ya tatu ilikwenda kwa mama mkwe. Alishuka kutoka Wundanyi kwa ajili ya kliniki ya macho, akapewa miwani, akaketi jikoni kwangu akiijaribu. Akatazama ukuta, akatazama dirisha, akatazama mkono wangu. "Hii naona," alisema kwa furaha. "Hata namba zote naona." Yaani dunia nzima ilikuwa mbele yake, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri kikawa saa yangu! Niliivua mwenyewe nikamfungia mkononi. Betri ilikwisha baadaye, lakini hakuacha kuivaa kila Jumapili.

Kila mara mume wangu alisema neno lile lile: "Mpe tu, tutanunua nyingine." Tutanunua! Sijawahi kumwona huyo mume wangu akiwa ndani ya duka la saa. Ni mtu mwema, kila mtu atakuambia, na wema wake mwingi umetoka kwenye mkono wangu.

Mtu atauliza kwa nini sikukataa. Ni rahisi kuuliza. Baba yangu alitoka magharibi ya nchi akaja kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa hapa hapa Voi, lakini kwa watu wa milimani nilikuwa msichana wa mbali. Nilipoposwa, wapo walionong'ona kwamba msichana wa mbali atamfungia kijana wao mlango, asionekane tena na nduguze. Mama yangu alizisikia habari hizo. Siku ya harusi, badala ya kunibariki vizuri, alinikamata mkono nyuma ya jiko akaniambia, "Usije ukawanyima watu wa mume wako kitu. Hata kimoja." Basi mlango wangu umekuwa wazi tangu siku hiyo, na vitu hutoka. Kitu kimoja tu nilichotaka kikae kwangu mpaka nife ni hicho kinachokaa kwenye mkono, na nilitaka kikae bila mimi kuitwa mchoyo.

Binti yangu, ambaye yuko chuoni, aliona atanisaidia. Alinitafutia kwenye mtandao wanaume wa ng'ambo wanaojadili saa moja ya kuvaa maisha yote. Kumbe wapo, na wana muda! Wanabishana kuhusu unene wa kioo. Wanabishana kama inaweza kuzamishwa baharini, na mtu mwenyewe anafanya kazi ofisini. Mmoja aliandika maneno marefu kama hotuba ya mazishi kuhusu rangi ya mishale. Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: wifi yako akiiona, itakuwaje?

Ndipo nikajua natafuta nini. Nikaenda kwa fundi wa saa aliye karibu na soko, ambaye pia huuza mpya na za mitumba, nikamwambia nataka saa ambayo mtu hawezi kuiomba.

"Ya kufuli?" aliuliza.

"Hapana. Ya sura. Nataka mtu akiiona asiitamani."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze samaki waliooza. Akaanza kuniwekea zile zile, za vijiwe, za rangi ya fedha, moja yenye kipepeo. Kila moja nilimwambia hiyo itaondoka kabla ya Pasaka. Mwishowe akainama chini ya meza akatoa moja ambayo, nadhani, hata yeye alikuwa ameisahau. Mkanda wa plastiki wa rangi ya kahawia iliyochoka. Uso wa rangi ya uji uliopoa. Namba kubwa, nyeusi, hazina maringo. Pembeni ilikuwa na mkwaruzo.

"Hii hapana, mama," alisema kwa haya. "Hii hata watoto wa shule wamekataa."

Niliifunga mkononi. Niliisoma bila kukaza macho. Haikuwa nzito, maji yakiingia hayaidhuru, mkanda ukikatika atanipa mwingine. Nilimwambia asiifungie karatasi. Nilirudi nyumbani nimeivaa, nikaoka mikate nimeivaa, na unga ulipoingia kwenye mkanda niliisugua kwa brashi ya sufuria. Niliipenda. Nasema wazi, niliipenda ile saa mbaya kuliko zote tatu nilizopoteza.

Pasaka tulipanda Wundanyi, na mimi nilikwenda kama mtu anayepeleka dawa kwenye majaribio. Nilipitisha chai makusudi. Nilisogeza sukari makusudi, polepole, mbele ya kila mmoja wao. Wifi aliitazama akakunja uso. "Wifi, na hii umetoa wapi?" Nikamwambia Voi. "Aki pole," akasema, akachukua mandazi. Shemeji aliiona akageuza macho upande, kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni. Mama mkwe aliinua miwani, akaishusha, akarudi kwenye chai yake. Tulishuka kurudi Voi nikiimba garini. Mume wangu aliuliza kuna nini, nikamwambia hakuna.

Ningejua walichokuwa wakinong'ona nyuma yangu nisingeimba.

Maana watu wa mume wangu walitazama saa ile wakaona jambo lingine kabisa. Waliona mtoto wao amefilisika. Au, vibaya zaidi, waliona hamjali mkewe, mke anayelisha ukoo mzima mkate, anatembea na kitu kama hicho mkononi. Walipigiana simu. Walifungua kundi kwenye simu zao ambalo mimi na mume wangu hatukuwekwa. Wakachanga.

Krismasi tulipanda tena Wundanyi hatujui lolote. Baada ya chakula mama mkwe aliomba watu wanyamaze. Alisimama na kijisanduku cha rangi nyekundu, akasema mke wa mwanawe ameitunza familia hii miaka mingi na familia si kipofu. Palikuwa na sala. Palikuwa na vigelegele. Kijisanduku kikafunguliwa, na ndani yake mlikuwa na saa nyembamba ya rangi ya dhahabu, ina vijiwe pande zote, saa ambayo isingefika hata Mwatate, katikati ya njia ya kurudi kwetu, kabla mtu hajaniambia inanipendeza. Mume wangu alikuwa anatabasamu kwa aibu na kukuna shingo.

Niseme ukweli, machozi yalinitoka. Nilikuwa nimeguswa, na hapo hapo nilikuwa nimekasirika. Nilitamani kuwakumbatia, nilitamani kuwapigia kelele. Mama mkwe alinijia, akashika mkono wangu wa kushoto, akaanza kufungua ule mkanda wa kahawia ili anivalishe mpya. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kifungo.

Nikauvuta mkono wangu.

"Hapana, mama. Hii ni yangu."

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Vigelegele vilikatika. Mtu aliweka sahani chini, nikaisikia. Nikaanza kuhesabu kichwani watu waliokuwa wamesubiri neno hilo tangu siku ya posa yangu, msichana wa mbali, ndiye huyu sasa.

Mama mkwe alinitazama juu ya miwani yake. "Kwani nani amesema si yako?"

Swali hilo sikuwahi kulitegemea. Nikauliza, na sauti ilikuwa kama ya mtoto, "Na zile zingine?"

"Zipi?"

"Zilizochukuliwa."

Alikuwa amevaa mojawapo. Aliinua mkono wake akaitazama, mishale imekwama pale pale ilipokwama siku zote. "Hii? Si ulivua mwenyewe ukanifungia? Mimi nilisema naona namba. Kuna mtu alisema anataka saa?" Akawageukia wengine. "Ningejua bado unaitaka ungeichukua siku hiyo hiyo. Mbona hukusema?"

Wifi akadakia kwamba hata yeye alijua ilikuwa zawadi ya posa, nilimwambia mwenyewe aende nayo. Shemeji alikuwa ameshaanza kuifungua ile ya bahati, jasho linamtoka, nikamwambia aiache hapo ilipo. Kisha wakaanza kucheka, wanawake kwanza, na kicheko kikazunguka chumba kizima, na mimi nimesimama katikati na saa yangu ya uji uliopoa. Hakuna aliyeniita mchoyo. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kwa vita, na wenzangu hawakujua kama kuna vita. Hilo liliniudhi kuliko kama wangenitukana.

Mama mkwe alitazama ile saa ya dhahabu, akaona imekosa mkono. "Kama huitaki isikae bure," alisema, akavua iliyokufa na kuivaa mpya yeye mwenyewe. Ilimpendeza, ingawa kwa namba zile ndogo hakuweza kuisoma hata na miwani.

Jioni tuliteremka na pikapu yetu ya mikate, mume wangu akiendesha. Alishika usukani kwa mikono miwili kwenye kona zote za mlima. Tulipofika tambarare alisema, kwa upole wake ule ule, "Lakini kweli ungesema tu. Siku zile."

Niligeuka kwenye kiti. Nilimuuliza yeye mdomo wake ulikuwa wapi. Wale ni ndugu zake, si wangu. Mimi nilikuwa mgeni kati yao, na yeye ndiye aliyekuwa akisema mpe tu, mpe tu, kila mara, kabla sijafungua kinywa. Kama angesema mara moja tu kwamba hiyo ni ya mke wangu, tafuta nyingine, nisingehitaji kwenda kutafuta saa ya kutia watu huruma.

Alibadilisha gia. Nikadhani sasa ataomba msamaha.

"Mimi nilidhani unapenda kutoa," alisema.

Tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo. Nilimwambia atazame barabara.