Torkiya na Hita ya Chumba cha Mzazi

Kwa miaka ishirini na sita Torkiya alichochea moto wa hamamu, bafu la umma la mtaa wetu, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe, na miaka yote hiyo mimi sikumpenda. Nasema wazi. Kucha zake zilikuwa nyeusi, shungi lake lilinuka moshi, na kila baridi ya mji wetu wa Setif ilipoanza kuuma alipita nyumba hadi nyumba akiuliza yasiyomhusu. Bomba la hita limesafishwa? Mwali ni wa buluu au wa manjano? Mnaacha dirisha wazi kidogo? Watu walimbandika jina la Mama Dirisha. Nadhani ni mimi niliyelianzisha.

Januari ile, theluji ikiwa imefika magotini, Nawara, mke wa mwanangu Lakhdar, alijifungua mtoto wa kike. Kwetu mzazi haguswi na upepo siku arobaini. Nikafanya alivyofanya mama yangu: nikaziba nyufa za madirisha kwa utepe, nikasukuma blanketi chini ya mlango, nikafungulia hita ya gesi hadi mwisho. Asubuhi ya siku ya saba nilihisi baridi inapenya kupitia bomba la moshi. Basi kabla ya kuwasha hita nikatoka kibarazani, nikasokomeza kitambaa cha sufi kwenye mdomo wa bomba. Nikajiona mjanja kweli.

Kabla ya adhuhuri Torkiya akaja na sahani ya tamina, ngano ya kukaanga yenye siagi na asali. Nilimwacha asimame mlangoni.

"Umekuja kumwona mtoto au hita?" nikamuuliza.

"Vyote viwili, dada. Mzazi anaendeleaje?"

"Kichwa kinamuuma, anatapika. Jicho la watu hilo. Nimeshamfukizia ubani."

"Na mtoto?"

"Kalala. Leo katulia, hata kunyonya hataki."

Alinipita kama sipo. Chumbani mwali ulikuwa wa manjano, unarukaruka, na vioo vinatiririka maji. Akazima hita, akararua utepe wangu wote, akafungua dirisha. Theluji ikaingia hadi kitandani.

"Utaniulia mzazi wewe," nikamwambia, nikimvuta shungi.

"Utanipiga baadaye. Sasa mshike Nawara miguu."

Sijui kwa nini nilitii. Mwanamke wa miaka sitini na tano, mfupi, mgongo umepinda, alimtia mtoto kifuani ndani ya gauni lake, akamwinua Nawara kwa makwapa, tukamtoa hadi uani. Nawara alilegea kama nguo mbichi. Nilisimama kwenye theluji bila viatu, nikimtazama Torkiya akisugua nyayo za mtoto, akimpulizia usoni, hana pupa, hana woga. Moyo wangu ulinyenyekea. Mwanamke niliyemcheka alikuwa akijua kitu kikubwa kuliko akili yangu yote, na alikuwa amekijua siku zote.

Mtoto akalia. Mimi nikakaa chini palepale.

Zimamoto walioitwa na majirani walipofika, kipimo chao cha hewa ya sumu kilianza kulia wakiwa bado mlangoni, ingawa madirisha yalikuwa wazi. Wakasema hewa ile, sumu ya moto usio na pa kutolea moshi, haina harufu wala rangi, na kwamba ubani wangu usingeifukuza. Nawara na mtoto wakapelekwa hospitali, wakawekewa oksijeni, na alasiri daktari akasema watapona.

Lakhdar akatukuta kwenye benchi la hospitali. "Wameniambia bomba liliziba. Lilizibwa na nini?"

"Kiota cha ndege," Torkiya akajibu, bila kunitazama.

Nikaona ncha ya kitambaa changu inachungulia kwenye mkono wa gauni lake. Alikuwa amekichomoa bombani na kukificha. Nilimdhihaki nusu ya umri wangu, naye ananisitiri mbele ya mwanangu. Nilitamani sakafu inimeze.

"Si kiota," nikasema. "Ni mimi, Lakhdar. Niliziba kwa mkono wangu."

Torkiya ndiye aliyejibu.

"Basi kesho tutatembea sote nyumba hadi nyumba. Mimi wamenizoea, wananicheka. Wewe watakusikiliza."

Tulianza kwa dada yangu, ambaye binti yake alikuwa na kichanga cha siku tatu. Nilimweleza yote, jinsi nilivyokaribia kumuua mjukuu wangu kwa mapenzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kufungua dirisha.