Ramani ya Idi Iliyokosa Kisiwa

Juzi asubuhi niliondoka nyumbani Mji wa Kale bila mpango, kama ninavyoondoka mara nyingi. Mkobani nilikuwa na nguo mbili, kalamu ya risasi na ramani iliyokunjwa. Kabla sijatoka kichochoroni kwetu nilipita mlango uliokuwa wazi nusu, na ndani mtu alikuwa anasaga liwa. Sauti yake naijua: kijiti cha msandali kikisuguliwa juu ya jiwe lenye maji, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kuoza binti. Harufu ikanifuata mpaka barabara kuu. Wengine wakisikia harufu ya liwa hukumbuka arusi. Mimi hukumbuka kosa langu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi nyumba moja na ndugu ya mama yangu, Mjomba Athmani, aliyekuwa karani bandarini Kilindini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia yanayoshuka melini, lakini mapenzi yake yalikuwa mawe. Aliyaokota ufuoni, kwenye mashimo ya visima, penye nyumba zinazobomolewa, akayapanga rafuni ambapo mkewe, Bi Mwanaisha, alitaka kuweka vyombo.

"Wenzangu waume zao huwaletea vitambaa," Bi Mwanaisha alikuwa akisema. "Mimi naletewa kokoto."

Mtu apendaye mawe ni mgumu kumpa zawadi. Jiwe utakalomletea, ama analo, ama halina maana. Lakini sote tulijua kitu alichokitamani. Zamani, ukutani mwa ofisi moja, aliona ramani isiyoonyesha barabara wala miji, bali miamba iliyo chini yake, kila aina ya mwamba na rangi yake. Aliizungumzia miaka na miaka, vile watu wengine wanavyozungumzia Makka.

Mwezi wa Shaabani binamu yangu aliolewa. Asubuhi ya kumsinga, yaani kumsugua mwili kwa liwa, jiwe la nyanya yangu la kusagia likaanguka na kupasuka vipande viwili. Nyanya akanituma: "Kimbia, nitafutie tumbawe lililo bapa, hima." Mimi nilijua lilipo tumbawe lililo bapa. Lilikuwa rafuni kwa mjomba.

Sasa nikwambieni ukweli ambao nyanya hakuujua. Jiwe lile lilikuwa na alama ya kombe la baharini la zama za kale, kila mstari wake umetulia ndani ya mwamba. Mjomba alikuwa amenionyesha mwenyewe, akaniwekea kidole changu juu yake. Nililijua. Lakini nyumba ilikuwa imejaa wanawake, kila mmoja anaita, nami nilitaka kusifiwa kwa wepesi wangu. Nikalichukua. Wakasaga siku tatu, kwa maji na marashi, wakibadilishana mikono. Liliporudi rafuni lilikuwa laini kama sahani, linanukia, na kombe halipo. Mpaka leo nasema binamu yangu aliolewa akiwa amepakwa kombe la kale.

Mjomba hakunipiga wala hakufoka. Alilishika jiwe, akalipitishia kidole gumba, akalirudisha. Tangu hapo hakusema nami. Salamu aliitikia, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, lakini baada ya salamu hakuna neno. Mezani alisema, "Mwambieni mtu huyo anisogezee chumvi," nami niko karibu naye kuliko chumvi. Ramadhani ikaingia hivyo hivyo. Shuleni sikuwa na raha, na yeye ndiye alikuwa mtu pekee aliyejibu maswali yangu. Nikaona akiendelea hivi mpaka Idi, atazoea, na mimi nitakuwa nimempoteza.

Jioni moja baada ya futari tulikwenda ufuoni Mama Ngina kupunga upepo. Nikanunua muhogo wa kuchoma, wa pilipili na ndimu, kwa mama mmoja wa Kigiriama aliyekaa hapo kila jioni. Nilipomaliza kula nikatazama karatasi iliyoufungia. Ilikuwa nene, na ina mabaka ya buluu, kijani na hudhurungi, na maandishi madogo yanayotaja miamba.

Nikarudi mbio. "Mama, karatasi hii ina ndugu zake?"

"Walikuwepo," akasema. "Wengine wameshaondoka na muhogo."

Ilikuwa ramani nzima, imetupwa ofisi fulani ilipokuwa ikihama, naye alikuwa ameikata kwa kisu vipande kumi na sita. Chini ya jiwe la kuzuia upepo vilibaki tisa. Akakubali tubadilishane na magazeti, na akanionyesha kwa kisu wateja wake walikokaa. Nikawafuata mmoja mmoja kwenye ukuta wa ufuoni. Mzee mmoja akanitazama sana.

"Wataka muhogo wangu?"

"La, babu. Nataka karatasi."

"Basi ngoja nile. Una wazazi kweli wewe?"

Nilipata vipande kumi na vitano. Cha kumi na sita, kijana aliyekuwa nacho alikuwa amekifinya akakitupa baharini. Nyumbani nilipovipanga sakafuni ndipo nikaona kilichokosekana: kisiwa chetu. Kwale ilikuwepo, ina doa la pilipili. Kilifi ilikuwepo. Mahali pa Mombasa palikuwa sakafu tupu.

Nikapika gundi ya unga wa ngano, nikavibandika vipande juu ya shuka kuukuu. Kisiwa nikakichora mwenyewe. Rangi haikunisumbua hata kidogo. Kwetu ukichimba kisima ni tumbawe, ukichimba choo ni tumbawe, na kuta ni tumbawe na chokaa. Nikapaka kisiwa chote buluu, rangi ya tumbawe kwenye ramani ile, kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini. Sisi wa Mji wa Kale hudhani kisiwa chote ni sisi.

Asubuhi ya Idi, watu walipotoka kuswali, watoto tulipanga foleni kumbusu mjomba mkono. Zamu yangu ilipofika alinipa mkono huku anatazama mlango. Nikamwekea bunda la shuka mapajani. Akalifungua, kisha akasogeza sinia ya halua na ya vileja, akalitandaza mkekani. Akapiga magoti. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Bi Mwanaisha akaja kutazama kama ameanguka.

Kidole chake kikapita Kwale, kikagusa doa la pilipili, kikavuka, kikasimama Kilindini.

"Hapa umejuaje?" akasema.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanaisha. "Ulimi umerudi."

"Nimekisia," nikasema. "Si tumbawe, Mjomba?"

"Sijui."

"Lakini wewe uko huko kila siku!"

"Huko mimi hutazama magunia. Sitazami chini." Akaomba kalamu ya risasi, akaandika alama ndogo ya kuuliza juu ya buluu yangu. "Nenda katazame. Ukirudi uniambie."

Idi pili nikaenda kwa miguu, na viatu vipya vinavyobana. Nje ya ukuta wa bandari nikakuta mtaro umechimbwa, na ndani yake hapakuwa na mwamba, ni mchanga, wa rangi ya kutu. Sikuwa na mfuko. Nikavua kiatu kimoja, nikakijaza, nikarudi nyumbani nachechemea. Mjomba akaumimina mchanga juu ya gazeti, akausugua vidoleni, akasema, "Ajabu!" Nikafuta buluu nusu ya kisiwa. Mwaka uliofuata niliacha shule, lakini kutembea sijaacha.

Miaka mingi baadaye mjomba alistaafu, nikamsaidia kuhamisha mawe yake. Nyuma kabisa ya rafu palikuwa na kopo la maziwa lililofunikwa na vumbi. Ndani, mchanga wa rangi ya kutu. Juu yake kibandiko chenye mwandiko wake: Kilindini, na mwaka. Ulikuwa mwaka wa kabla ya mimi kuzaliwa.

Nililirudisha kopo mahali pake, na mpaka leo sijamwambia kitu. Ramani ya shuka bado iko ukutani kwake. Angeweza kutafuta kipande kilichopigwa chapa akakibandika juu ya kazi yangu mbaya, lakini hakufanya hivyo. Nami kila Idi humpelekea ramani nyingine, na kila moja huiachia mahali patupu.

Ya mwaka huu ndiyo iliyo mkobani. Juzi mahali pake patupu palinishusha garini Mazeras, mji ambao nimeupita mara mia bila kukanyaga. Nikapata chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko. Ua wake umetandikwa mawe bapa ya manjano, yenye mikunjo kama mchanga wa ufuoni maji yakitoka. Nikampigia mjomba simu, nikamweleza, nikamwuliza ni mawe gani.

Nikamsikia akipiga funda la chai.

"Sijui mimi," akasema. "Wewe ndiwe uliye huko."

Nikaacha mkoba kitandani, nikatoka kumwuliza mama mwenye nyumba machimbo ya mawe hayo yako upande gani.