Mama wa Nesi Alipimwa

Mama yangu ndiye aliyenijazia benchi. Nilipohamishiwa zahanati ya kijijini kwetu, huku Newala, nikiwa nimetoka mafunzoni kujifunza kupima dalili za saratani ya mlango wa kizazi, nilikaa na chupa yangu ya siki na taa yangu, sipati mtu. Wanawake walileta watoto kliniki, wakawapima uzito, na nikianza habari za kipimo wananitazama kama muuza samaki walioharibika, halafu wanakumbuka korosho walizoacha shambani. Nani avue nguo mbele ya katoto kalikokuwa kakikimbizana na kuku uani kwake juzi tu?

Mama akaingia kazini. Alikuwa nyakanga. Wasichana wa pande zetu, wengi wao yeye ndiye aliyewafunda wakati wa unyago, na mwanamke hamkatalii neno nyakanga wake hata akizeeka. Alipita nyumba kwa nyumba. "Mmezaa miguu juu, mkunga anachungulia, leo mnajifanya mna haya!" Wakacheka, wakaja. Akaketi nao nje ya chumba changu, anawatania wasitoroke, mmoja akitoka anamsukuma mwingine ndani. Nikipaka siki, penye kasoro panageuka peupe. Niliowaona hivyo niliwapeleka Masasi wakapata tiba mgando, ile ya kugandisha penye kasoro kwa baridi kali, wakarudi, na mpaka leo wanapalilia mikorosho yao.

Yeye mwenyewe hakuingia. Nami nisingeweza kumwambia aingie, kwa sababu kwetu mama na binti hawaonani utupu. Hata unyagoni mama hamfundi bintiye. Mimi nilifundwa na mwanamke mwingine, na mambo yale mimi na mama hatukuwahi kuyataja kwa midomo yetu. Zahanati nzima aliyejua kupima nilikuwa mimi peke yangu. Kwa hiyo mwanamke aliyewaleta wenzake wote alikaa nje ya mlango, na aliyeshika taa ndani alikuwa mwanawe. Nilikuwa nikimsikia akicheka huko nje, nakasirika, sijui nimkasirikie nani.

Nilimtuma mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, akaseme naye. Mama akakubali kwenda Masasi, kwenye hospitali kubwa, ambako hakuna anayemjua. Wakaondoka wawili asubuhi, wakarudi jioni na vitunguu na doti ya khanga. "Haya, nimepimwa," mama alinitangazia akiwa bado mlangoni, macho yake yako kwenye vitunguu. "Mzima kama kigongo." Kesho yake akayasema hayohayo benchini, tena kwa kupiga kifua. Wale waliokuwa bado wanasitasita wakaona hawana tena sababu. Sikumwuliza zaidi. Mama akikwambia jambo kama lile humwombi ushahidi.

Kisha akaanza kukonda. Akasema ni chakula, akasema ni uzee. Akaacha kukaa karibu na watu, na nyumba ikaanza kuwa na harufu ambayo mimi, kwa kazi yangu, niliijua kabla sijaikubali. Damu ilikuwa inatoka miezi kadhaa. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimfulia vitambaa kwa siri, akivianika nyuma ya choo. Nilipomfikisha Masasi, daktari alimpima, akatoka nje ya pazia, akanitazama kama wanavyotazamana watu wa kazi moja. Saratani ilikuwa imeshasambaa. Akamwuliza mama, "Umewahi kupimwa?" Mama akageukia ukutani.

Mama mdogo alinieleza tukiwa nje, ameshika tundu kwenye pindo la khanga yake analipanua kwa kidole. Siku ile walifika hospitali kweli. Walifika mpaka mlango wa chumba cha kupimia. Ukafunguliwa, akatoka nesi wa zamu, akapiga goti akamwamkia mama kwa furaha. Alikuwa mwali wake. Mama alikuwa amemfunda yeye mwenyewe, kule Chilangala, akiwa bado mtoto. Mama akaitikia marahaba, akamwambia amekuja kumsalimia tu, akatoka. Njiani akamwambia mdogo wake, "Nimlalie miguu juu yule? Mimi niliyemfundisha heshima?" Wakaenda sokoni wakanunua vitunguu.

Nilimuuguza mpaka mwisho. Mwisho kabisa nilimwosha mwenyewe, kila mahali, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyestahimili ile harufu, na heshima yetu yote ikaishia kwenye beseni. Alilia, nami nililia. Tukazika masika, matope mpaka magotini.

Nina hasira na mama yangu. Watu hawapendi kusikia hivyo, wanataka niseme kazi ya Mungu. Mungu alimpa mtoto nesi, akampa hospitali, akampa nauli, akamfikisha mlangoni. Sasa na hapo pia ni Mungu?

Matanga hayajaisha benchi likawa tupu. Sikushangaa wiki ya kwanza, nilidhani wananipa nafasi ya msiba. Baadaye nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwenye foleni ya maji, bila kujua niko nyuma: "Mama wa nesi alipimwa. Mbona amekufa?" Mwenzake akaongeza kwamba ile siki ndiyo inayouamsha ugonjwa. Niliyasikia hayo kila kona. Waliokwisha kupimwa wakaanza kuumwa tumbo kwa hofu. Uongo wa mama ulikuwa umewaleta, na sasa uongo uleule ulikuwa unawafungia nyumbani, na baadhi yao, kwa hesabu ya ugonjwa huu ninavyoujua, wangekufa.

Nilimwomba mama mdogo aseme ukweli, kwa kuwa yeye alikuwepo. Akanijia juu. "Marehemu hasemwi! Unataka wamwite mwongo, nyakanga mzima?"

Basi nikasema mimi. Siku ya kliniki, asubuhi, kabla ya kupima watoto, wanawake wamejaa, mama mdogo naye yumo na mjukuu mgongoni. Nikawaambia, "Mama yangu hakupimwa. Alifika mlangoni akaona haya, akarudi, akanidanganya mimi na akawadanganya ninyi. Angepimwa siku ile, labda leo angekuwa amekaa hapo, anawatania." Hakuna aliyepiga makofi wala kunihurumia. Mwanamke mmoja mzee aliinuka akasema mtoto aliyesoma ni hasara, akaondoka. Mama mdogo akamfuata.

Wamerudi, si wengi. Wanaingia hawanisemeshi, wanavua, wananigeuzia uso pembeni, wanavaa, wanatoka. Ninapima. Sina haja ya kupendwa.

Mama mdogo hanisalimii. Sasa tumeletewa nesi wa pili, msichana wa Tandahimba asiye na undugu na yeyote hapa, wala hakufundwa na mtu wa kwetu. Nimemtumia mama mdogo ujumbe aje apimwe na huyo, kwa kila mtu aliyekubali kuubeba. Kila siku ana kazi shambani. Juzi nilimkuta kwenye uwanja wa mnada wa korosho, nikapiga goti kwenye vumbi mbele ya watu, nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akapita. Hatua chache mbele akasimama, bila kugeuka.

"Mimi nikifa," akasema, "usiniseme."

Nilikuwa bado chini. "Nitakusema, mama," nikamjibu.