Kawa la Bi Mwanakhamis

Mtaa mzima, wallahi, tulimwona Bi Mwanakhamis akikonda mwaka baada ya mwaka, na sote tukasema ni uzee.

Mumewe alipokuwa hai, kila Ramadhani sinia lao la futari lilikwenda msikitini: mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai, na juu yake kawa jekundu la kufunikia, alilolisuka mwenyewe. Mume akafa. Mwanawe Khubaib akaenda Uarabuni, akaoa huko, akamsahau mamake. Lakini sinia halikukosa kwenda. Tukiliona kawa likipita twasema, "Mashallah, Bi ana neema yake," na sahani za kupelekeana zikampita mlango. Nani ampelekee futari mwenye kulisha msikiti?

Ramadhani ya mwaka wa tisini na sita akaanguka ngazini. Hospitalini nilikompeleka, daktari alimpima, akamwambia muuguzi neno moja la Kizungu, dwindling, akaenda zake. Nikamuuliza yule muuguzi, Naomi, maana yake.

"Kupungua kidogo kidogo, mama, mpaka kwisha. Husemwa kwa maji ya mtungi, kwa mali, hata kwa mtu. Kilichovunjika ghafla hakisemwi hivyo." Kisha akanitazama. "Huyu hajala vizuri muda mrefu. Kwani hana majirani?"

Nikarudi na hasira zangu hadi kwa Ami Aidarus, muadhini, aliyekuwa akilipokea sinia lile mlangoni mwa msikiti.

"Ami, chini ya kawa mlikuwa na nini?"

Akainama. "Mwanzo mbaazi. Miaka ikienda, tende. Mwaka huu kopo la maji tu."

"Na ukanyamaza!"

"Nilimsitiri, mwanangu. Aibu ya Muislamu husitiriwa."

"Ulimsitiri au ulimzika?"

Nikampikia Bi uji wa mchele kwa nazi, nikampelekea. Alikunywa vijiko viwili, tumbo likaukataa. "Usijisumbue, Swafia," akaniambia, "mimi nimeshafuturu." Mpaka hapo bado anafunika!

Alikufa kabla ya Idi. Basi njoo uone matanga! Waliokuwa hawampi hata mkate wa kumimina wakaleta pilau, sinia juu ya sinia. Mmoja akatafuna, akameza, akasema, "Ndiyo hivyo, mficha uchi hazai." Lo! Hata maiti alaumiwe?

Kuna aliyelitoa lile kawa jekundu alifunikie pilau. Nyama ilijaa mno, halikutosha.